Mtoto Amemaliza Nasari: Je, Kazi Yetu Imekwisha?



Si kila ugomvi wa nyumbani huletwa na jambo kubwa. Fedha, pombe na wakwe hutajwa sana, na kwa haki. Lakini liko jambo moja linaloonekana dogo, ambalo shule zinapofunguliwa mwanzoni mwa mwaka huingia katika nyumba nyingi na kuwalaza mume na mke wakiwa wamepeana migongo. Jambo hilo ni nasari. Je, mtoto aende nasari au akae nyumbani? Na akienda, aende ya umma au ya kibinafsi? Na je, nasari itamsaidia kweli atakapokuwa katika shule ya msingi?

Tujifunze pamoja. Ikiwezekana, msome makala hii mkiwa wawili.

MFANO WA NYUMBA MOJA

Bwana mmoja na mkewe wana watoto wawili. Kifungua mimba ni mvulana wa miaka 10, na wa pili ni msichana wa miaka 4. Yule mvulana alisoma nasari ya umma, iliyo katika uwanja wa shule ya msingi ya kijiji chao. Alifanya vizuri mno. Alipoingia Gredi ya 1 alizijua herufi zote, alihesabu mpaka 100 bila kukosea, na mwalimu alimwita mama yake ili kumpongeza. Mama alirudi nyumbani akitembea kama mtu aliyeinuliwa na upepo.

Sasa mvulana huyo yuko Gredi ya 4. Ripoti yake ya muhula uliopita ilisema kwamba yuko chini ya matarajio katika kusoma na katika hesabu.

Ilipofika zamu ya msichana, ndipo maneno yalipoanza. Mama alisema, "Huyu tumpeleke ile nasari ya kibinafsi iliyo karibu na soko. Watoto wa pale wanavaa tai na wanazungumza Kiingereza. Sitaki ayapate yaliyompata kaka yake."

Baba akajibu, "Mama watoto, hebu niambie, nasari ilimsaidia nini yule mkubwa? Mimi niliingia darasa la kwanza bila kuuona mlango wa nasari, na nikasoma. Mtoto akae nyumbani mpaka afikishe miaka 6. Fedha hizo tulipe deni la dukani."

Mama hakujibu. Moyoni alisikia kwamba analaumiwa, kwa maana ni yeye aliyempeleka mvulana nasari kila asubuhi kwa miaka miwili, mvua inyeshe, jua liwake. Siku tatu zikapita wakisalimiana tu kwa ajili ya watoto.

Msomaji, usiharakishe kumhukumu bwana huyu. Alisema kwa ukali, lakini swali lake ni swali la haki. Ikiwa mtoto alianza akiwa mbele, mbona sasa yuko nyuma? Ile faida ya nasari ilikwenda wapi?

NASARI YA UMMA HAPA KWETU

Kabla ya kulijibu swali hilo, tukumbuke tulikotoka. Nasari nyingi za Kenya hazikujengwa na serikali. Zilianzishwa na wazazi wenyewe kwa moyo wa Harambee. Zingine zilianza chini ya mti, na zingine katika jengo la kanisa ambalo siku za juma lilikuwa tupu. Wazazi walichanga ili kumlipa mwalimu, na kina mama wakapika uji kwa zamu. Mwaka 1984 serikali ilianzisha kituo cha kitaifa cha kushughulikia elimu ya watoto wadogo, na mafunzo ya walimu wa nasari yakaanza kupangwa vizuri zaidi.

Januari mwaka 2003 elimu ya shule ya msingi ilifanywa kuwa ya bure. Zaidi ya watoto milioni moja waliongezeka mashuleni kwa mara moja. Lilikuwa jambo la furaha. Lakini nasari haikuguswa na mpango huo, na wazazi waliendelea kuilipia. Basi wazazi wengine wakafikiri hivi: kwa nini nilipie nasari, hali darasa la kwanza ni bure? Wakawaweka watoto nyumbani wakingojea umri utimie.

Katiba ya mwaka 2010 iliiweka elimu hii ya awali mikononi mwa kaunti. Tangu serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, madarasa yamejengwa na walimu wameajiriwa, ingawa hali haifanani kila mahali. Leo mtoto husoma miaka miwili, PP1 na PP2, kwa kawaida akiwa na miaka 4 na 5, kisha huingia Gredi ya 1.

Kwa hiyo nasari ya umma ipo karibu na wengi wetu. Swali linabaki: je, inamsaidia mtoto anapokuwa katika shule ya msingi?

KUWAFUATA WATOTO KWA MIAKA MINGI

Swali hili ni gumu kuliko linavyoonekana. Tuseme umelinganisha watoto waliosoma nasari na wale ambao hawakusoma, ukakuta wa kwanza wanafanya vizuri zaidi. Utajuaje kwamba ni nasari iliyowasaidia? Huenda wametoka katika nyumba zenye chakula, zenye taa na zenye wazazi waliosoma. Huenda wangefanya vizuri hata bila nasari.

Njia ya haki ni kupiga kura. Watoto wengi wanaomba nafasi, nafasi ni chache, na kura inaamua nani aingie. Hapo makundi mawili yanakuwa sawa tangu mwanzo, na watafiti wanaweza kuyafuata mwaka baada ya mwaka. Kazi ya namna hii imefanywa kwa muda mrefu zaidi huko Marekani, na ndiyo sababu tunakwenda huko kwa dakika chache. Kisha tutarudi Afrika.

Habari ya kwanza ni ya mji wa Ypsilanti, katika jimbo la Michigan. Kati ya mwaka 1962 na 1967, watoto 123 wa familia maskini za Wamarekani Weusi waligawanywa katika makundi mawili kwa bahati nasibu. Watoto 58 walisoma nasari iliyoitwa Perry, na 65 hawakuisoma. Darasa lilikuwa dogo, na lilichukua saa mbili na nusu tu za asubuhi. Lakini angalieni jambo hili: kila juma mwalimu alikwenda nyumbani kwa mtoto, akakaa na mama kwa saa moja na nusu.

Mwanzoni watoto wa Perry walipanda sana katika vipimo vya akili. Walipofika miaka 8 hivi, tofauti hiyo ilikuwa imekwisha. Mtu angeweza kusema, kama alivyosema bwana wetu, kwamba nasari haikusaidia kitu. Lakini watafiti hawakuacha kuwafuata. Walipokuwa na miaka 14, wale waliosoma Perry walifanya vizuri zaidi katika mitihani ya shule. Walipofika miaka 40, 77 katika kila 100 walikuwa wamehitimu masomo ya sekondari, na katika kundi lingine ni 60. Katika kundi la Perry, watu 36 katika kila 100 walikuwa wamekamatwa na polisi mara tano au zaidi. Katika kundi lingine walikuwa 55.

Habari ya pili ni ya kutuonya. Ni ya jimbo la Tennessee, ambako serikali ya jimbo ilianzisha nasari za bure kwa watoto wa miaka 4 wa familia zenye kipato kidogo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt waliwafuata watoto 2,990 walioomba nafasi katika mwaka wa shule wa 2009 na ule uliofuata, katika nasari zilizokuwa na waombaji kuliko nafasi. Wengine walipata nafasi kwa kura, na wengine wakakosa. Mwisho wa mwaka wa nasari, waliopata walikuwa mbele. Mwaka mmoja baadaye wenzao walikuwa wamewafikia. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba walipofika darasa la sita, waliosoma nasari walikuwa nyuma katika kusoma, hesabu na sayansi, na pia walikuwa na makosa mengi zaidi ya nidhamu shuleni.

Ndiyo, mmesoma vizuri. Walikuwa nyuma. Na wengi wa wale waliokosa nafasi walikuwa wamekaa tu nyumbani na jamaa zao.

Habari ya tatu ni ya mji wa Boston. Hapo pia kura ilitumika kugawa nafasi za nasari za umma, kati ya mwaka 1997 na 2003, na zaidi ya watoto 4,000 walifuatwa. Katika mitihani ya shule ya msingi hapakuonekana tofauti ya maana. Lakini waliopata nasari walisimamishwa shule mara chache zaidi, na wengi wao zaidi walimaliza sekondari. Katika kila 100, walikuwa kama 8 zaidi waliojiunga na chuo bila kuchelewa.

Sasa turudi Afrika. Katika mkoa wa Gaza, nchini Msumbiji, nasari za kijiji zilianzishwa mwaka 2008 kwa msaada wa shirika la Save the Children, na vijiji vilivyopata nasari vilichaguliwa kwa kura. Wazazi nao walikuwa na mikutano yao ya kila mwezi juu ya malezi. Miaka miwili baadaye, watoto waliosoma nasari walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuandikishwa shule ya msingi, kwa asilimia 24, kuliko wale ambao hawakusoma. Hata kaka na dada zao wakubwa walihudhuria shule zaidi, kwa kuwa hawakuachiwa tena kazi ya kulea wadogo wao.

KWA NINI FAIDA HUFIFIA?

Mkulima hahitaji kufafanuliwa sana jambo hili. Miche ya kahawa huanza katika kitalu. Humwagiliwa, huwekewa kivuli, na hustawi. Siku ya kupandwa shambani inakuwa mizuri kuliko miche iliyojiotea. Lakini ikipandwa katika udongo uliochoka, na hakuna anayepalilia, baada ya misimu miwili huwezi kuitambua. Je, kitalu kilikuwa kibaya? La. Kazi iliachwa katikati.

Sababu ya kwanza ni kwamba mtoto aliyekosa nasari huja kuwafikia wenzake. Gredi ya 1 mwalimu huanza na herufi na nambari. Mtoto mgeni hujifunza kwa bidii, na yule anayezijua hukaa akingoja. Ikiwa hapewi kitu kipya cha kumfikirisha, mwaka huo anasimama mahali pamoja.

Sababu ya pili ni namna ya nasari yenyewe. Profesa Dale Farran, mmoja wa watafiti wa Tennessee, ameeleza mashaka yake kwamba watoto wadogo waliketishwa sana, wakasikilizishwa sana, wakakaripiwa sana, na wakacheza kidogo mno. Herufi ni rahisi kufundisha na rahisi kupima. Lakini kusubiri zamu, kuuliza swali, kusimulia jambo tangu mwanzo hadi mwisho, kujaribu tena baada ya kukosea, haya hayakaririwi kwa kuimba mbele ya ubao. Na ndiyo yanayomsaidia mtoto anapofika Gredi ya 4, ambako hatakiwi tena kuimba herufi bali kuelewa anachosoma.

Sababu ya tatu inatuhusu sisi. Mtoto anapokuwa nasari, tunamshika mkono. Tunauliza, "Leo mmeimba nini?" Tunabandika mchoro wake ukutani. Anapoingia shule ya msingi tunasema, "Huyu sasa ni mkubwa," tunamwachia mwalimu, na daftari lake halifunguliwi tena na mtu wa nyumbani mpaka siku ya ripoti.

Zile nasari za Michigan na Msumbiji zilikuwa na jambo moja zinalofanana. Hazikumchukua mtoto na kuwaacha wazazi nje ya lango. Moja ilimfuata mama nyumbani, na nyingine iliwaita wazazi wakae pamoja wajifunze. Hatuwezi kusema hiyo ndiyo sababu pekee ya matunda yake, lakini ni jambo ambalo kila nyumba inaweza kuliiga bila kulipa shilingi moja.

WALIMU WA KWANZA NI NINYI

Siku ya ndoa yenu, mbele ya padre na mashahidi, mliulizwa kama mko tayari kuwapokea watoto kwa upendo na kuwalea. Mlijibu ndiyo, wote wawili. Baba hakujibu juu ya karo peke yake, wala mama hakujibu juu ya daftari peke yake. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya elimu ya Kikristo, unafundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na walio wakuu wa watoto wao. Shule inakuja kuwasaidia. Haiji kuchukua nafasi yao.

Kwa hiyo swali "nasari ya umma au ya kibinafsi?" si swali la kwanza. Swali la kwanza ni, "Sisi wawili tutafanya nini kabla ya nasari, wakati wa nasari, na baada ya nasari?" Mkilijibu hilo, la pili huwa jepesi.

MAMBO MNAYOWEZA KUFANYA

1. Nendeni mkaione nasari, wote wawili. Msitegemee habari za jirani. Angalieni watoto ni wangapi kwa mwalimu mmoja. Je, watoto wanazungumza, au ni mwalimu peke yake? Je, wanacheza, wanajenga, wanasimulia? Je, mtoto akikosea anasaidiwa au anatishwa? Je, kuna choo safi, maji ya kunawa, na uji? Tai na Kiingereza cha kukariri visiwapumbaze, na wala sakafu ya udongo isiwafanye mdharau mwalimu mzuri.

2. Msikope ili mwonekane. Karo inayowafanya mnyimane chakula, au mgombane kila mwisho wa mwezi, itamgharimu mtoto kuliko itakavyomsaidia. Ikiwa nasari ya umma iliyo karibu ni nzuri, mpelekeni huko kwa moyo mweupe. Ikiwa ina kasoro, jiungeni na wazazi wengine, mwende kwa mwalimu mkuu na kwa maofisa wa kaunti. Nasari hiyo ni yenu.

3. Zungumzeni na mtoto kwa lugha ya nyumbani. Wazazi wengine huacha kuzungumza na mtoto kwa sababu Kiingereza chao ni kidogo. Hilo ni kosa. Mtoto anayesikia hadithi, vitendawili na majibu ya maswali yake katika Kikamba, Kiluhya, Kikuyu au Kiswahili anajenga msingi wa kuelewa. Maneno ya Kiingereza yatapata mahali pa kukaa.

4. Baba, uwe na nusu saa yako. Si lazima uwe umesoma sana. Mwache mtoto ahesabu misumari unapofanya kazi, apange viazi vikubwa na vidogo, akueleze alichokiona njiani. Ukifanya kazi mbali, mpigie simu mtoto mwenyewe, si mama yake tu, umwulize jambo moja alilojifunza. Mtoto hulipenda daftari ambalo baba yake amelishika.

5. Msimpige mtoto kwa ajili ya herufi. Mtoto wa miaka 4 au 5 anayetetemeka akiona kitabu amekwisha kufundishwa jambo baya ambalo litachukua miaka kulifuta.

6. Gredi ya 1 mpaka ya 3 ndipo pa kukaza, si pa kulegea. Kila Jumapili jioni fungueni daftari moja pamoja. Mwambieni mtoto asome kwa sauti ukurasa mmoja, kisha asimulie kwa maneno yake. Akisoma vizuri lakini hawezi kusimulia, msingoje ripoti. Nendeni kwa mwalimu juma hilohilo.

7. Msimlinganishe mtoto na nduguye, wala msitumie ripoti ya mtoto kama fimbo ya kumpigia mwenzako. Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Mtoto akisikia jina lake katika kila ugomvi, huanza kuamini kwamba yeye ndiye ugomvi.

TUWARUDIE WALE WAWILI

Turudi kwenye ile nyumba yetu ya mfano. Tuseme kwamba siku ya nne, watoto wamelala, baba anaanza, "Mama watoto, nilikuuliza vibaya. Nilitaka kujua, si kukulaumu." Mama anajibu, "Nami nilinyamaza kwa sababu sikuwa na jibu. Lakini tangu kijana aingie Gredi ya 1, ni nani kati yetu aliyefungua daftari lake?"

Wote wawili wananyamaza, na safari hii ukimya wao si wa hasira. Mama hurudi kutoka sokoni usiku umeingia. Baba hufanya vibarua, na hufika nyumbani amechoka hata kula hawezi. Hakuna aliyemtupa mtoto. Kila mmoja alidhani mwenzake ameshika.

Wanaleta daftari la mvulana, wanalisoma chini ya taa. Wanaona kwamba hesabu zilianza kuharibika alipofika mahali pa kukopa katika kutoa. Ni mwaka mzima uliopita. Mwalimu alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu, "Mzazi aje." Hakuna aliyekwenda, kwa maana hakuna aliyeona.

Je, nasari ilimsaidia mvulana huyu? Ilimsaidia. Ilimfikisha Gredi ya 1 akiwa na furaha na bila woga. Lakini nasari haikuahidi kumbeba mpaka Gredi ya 4. Kipande hicho cha safari kilikuwa chao.

Msichana ataanza nasari ya umma, ile aliyosoma kaka yake. Siku ya kwanza baba ataacha kibarua cha asubuhi ampeleke mwenyewe, amwone mwalimu kwa macho yake. Fedha ambazo zingelipa nasari ya sokoni zitapunguza deni la dukani, na kiasi kidogo kitanunua vitabu viwili vya hadithi. Tena Jumapili jioni mvulana atamsomea dada yake kurasa mbili kwa sauti, wazazi wakiwapo. Hapo watoto wote wawili wanafaidika, na mvulana ambaye shuleni anaitwa wa nyuma anakuwa mwalimu nyumbani kwao.

Hatuwaahidi kwamba ripoti ijayo itabadilika mara moja. Palizi iliyochelewa ina kazi. Lakini nyumba hiyo imeacha kuuliza, "Ni kosa la nani?" na imeanza kuuliza, "Tunafanya nini Jumapili?"

MASWALI YA KUJADILIANA

Yajadilini ninyi wawili, au pamoja na wanandoa wengine katika jumuiya yenu ndogo ya Kikristo.

1. Kila mmoja wetu alianzaje shule? Je, tunataka watoto wetu waanze hivyohivyo, au tunakimbia jambo fulani lililotuumiza?

2. Mara ya mwisho mimi mwenyewe kufungua daftari la mtoto wetu ilikuwa lini? (Kila mmoja ajijibie mwenyewe, asimjibie mwenzake.)

3. Je, tunachagua shule kwa ajili ya mtoto, au kwa ajili ya macho ya majirani?

4. Mwalimu wa mtoto wetu anaitwa nani? Je, baba na mama wote wawili wanalijua jina lake?

5. Nasari ya umma iliyo karibu nasi ina upungufu gani ambao sisi wazazi tunaweza kuuondoa mwaka huu: meza, maji, uji, au kumpa moyo mwalimu?

ZOEZI LA JUMA HILI

Chagueni jioni moja. Zimeni redio na mweke simu pembeni. Mwiteni mtoto aketi kati yenu, si mbele yenu kama mshtakiwa. Mwambieni awaonyeshe ukurasa mmoja wa daftari anaoupenda, kisha mmoja anaouona mgumu. Msikilizeni mpaka amalize. Msimkemee, na msitazamane kwa lawama. Mtoto akishakwenda kulala, ninyi wawili mwamue jambo moja tu mtakalofanya juma lijalo, na nani atalifanya.